Nyuzi Tisini na Saba

Nje ni arobaini na nane chini ya sifuri.
Yakutsk imemezwa na ukungu,
pumzi za watu na moshi wa magari
vimegandiana barabarani, mtu haoni kiatu chake.
Humu ndani, mezani pangu,
prosesa inachemka: nyuzi tisini na saba.

Cheka tu. Mimi nimeshacheka.
Mji mzima unatafuta joto,
mimi natafuta pa kulitupa.

"Fungua dirisha," ndiyo dawa ya kila mtu.
Nilifungua, Novemba, kijidirisha cha juu,
nikaisogeza laptopu karibu na baridi.
Dakika tatu. Nilipoirudisha mezani
ilitoka jasho kama mgonjwa wa homa,
matone juu ya herufi, na mimi na taulo, nikiapa.
Baridi ya kuazima haimfai mwenye moto.

Kila Jumamosi Nyurgun hunisubiri mchezoni.
Kaka yangu huendesha lori huko Mirny, kwenye almasi,
lori ambalo gurudumu lake limempita kimo.
Simu hatuziwezi. Tukipigiana tunaulizana mmekula nini,
kisha kimya, kisha "haya".
Lakini ndani ya mchezo, mgongo kwa mgongo,
panga mkononi, huzungumza.
Jumamosi iliyopita alisema, "Tuyaara, nataka kukuambia kitu",
feni ikanguruma kama ndege ya mizigo,
picha zikakwama, kioo kikawa cheusi,
nikabaki nimeshika ngao ambayo haipo.

Mwenye kelele hana neno, husemwa.
Feni ile ilikuwa na neno. Ilikuwa nalo mwaka mzima.

Basi leo nimeipindua kifudifudi.
Skrubu kumi na moja, nikazipanga kwenye kisahani cha chai
kama zilivyotoka;
ya kumi na mbili haipo, sijui tangu lini.
Mfuniko ukalia ka! nikafumba macho.

Wengine huonywa wazibe ufa.
Huyu aliponzwa na ufa uliozibwa:
kati ya feni na mapezi ya shaba
palikuwa na blanketi. Sitanii. Blanketi,
lililofumwa kwa vumbi, makombo ya mkate
na manyoya meupe ya sungura
kutoka kwenye glavu za Ebee.

Nikamtazama bibi. Bibi akatazama televisheni.

Nikalichomoa kwa kibano, likiwa zima,
kama ngozi ya mnyama mdogo sana.
Pesti ya zamani ilikuwa imekauka, inamomonyoka.
Spiriti, pamba, spiriti tena,
hadi prosesa ikang'aa, nikaiona pua yangu.
Pesti mpya: punje moja ya dengu, si zaidi,
ingawa mkono ulitaka kupaka kama siagi.
Kisha nikaipunguzia umeme, kidogo kidogo,
kama anayempunguzia mtoto sukari akisubiri kilio.
Milivolti hamsini, kimya.
Themanini, kimya.
Mia: ikazima ghafla.
Nikarudi themanini, nikaiomba radhi.

Sabini na nne.
Nusu saa ya vita, majoka na moto wao wote,
na bado sabini na nne.

Ebee akaja, kama ajavyo kila jioni,
akaweka viganja kando ya tundu la hewa,
vidole vile vilivyokamua ng'ombe
alfajiri za miaka arobaini.
Akasubiri. Akageuza viganja. Akanitazama.
"Umeiua," akasema.

Nimempa chupa ya maji ya moto.
Ameipokea shingo upande.

Saa mbili usiku Nyurgun ameingia.
Namwona ng'ambo ya daraja, anapunga upanga.
Sauti yake naisikia yote sasa, hadi pumzi.
"Ulitaka kuniambia kitu," nasema.

Feni kimya.
Naye kimya.